Ubao Uliojaa

Mwalimu Jacinta alikuja kwangu Jumanne baada ya shule, ameshika kishikwambi kilichofungwa ndani ya sweta yake. Hiyo sweta sijui huivalia nini Mombasa hini, lakini siku hiyo ilifaa. Mjukuu wangu Mejumaa, mwenye miaka saba, alikuwa nyuma yake, macho chini.

"Hodi, Bi Zuhura."

"Karibu, mwalimu. Ingia ndani, hapo mlangoni jua kali."

Aliketi mkekani akaifungua sweta polepole. Alipokiinamisha kile kishikwambi, tone la maji likatoka pembeni likaanguka juu ya mkeka. Sote watatu tukalitazama.

"Kimeingia maji na hakiwaki," alisema. "Nilitoka mara moja wakati wa mapumziko. Niliporudi nilikikuta mezani, kimelowa. Mejumaa akasema ni yeye. Nikamuuliza imekuwaje, hakunijibu. Sikumuuliza tena mbele ya wenzake."

Nilimshukuru kwa hilo la mwisho. Mwalimu mwingine angemsimamisha mtoto mbele ya darasa zima.

"Na Bwana Dzoro ajua?"

"Bado. Lakini Ijumaa anakuja kuvikagua."

Hapo nilielewa kwa nini amekuja mwenyewe bila kutuma karatasi. Bwana Dzoro ndiye mwalimu mkuu. Katika mkutano wa wazazi alitueleza kwamba vile vishikwambi kumi na viwili vilikaa miaka mitatu stoo, nyuma ya mlango wa chuma, kwa sababu kila mtu aliogopa kuviharibu. Yeye ndiye aliyevitilia sahihi. Alivitoa kwa vile Mwalimu Jacinta alimsihi muhula mzima, na akasema wazi mbele yetu: kimoja kikiharibika, vyote vinarudi stoo. Watoto arubaini wa Gredi ya Pili walikuwa wakivitegemea. Kabla ya hapo walikuwa na vizibo vya soda vya kuhesabia, nilivyowakusanyia mimi mwenyewe kwa wauza vyakula wa Mwembe Tayari, na picha za wanyama zilizokatwa kwenye makatoni. Si vibaya, lakini mtoto akishasikia simba akinguruma kwenye kioo, simba wa katoni humwonea huruma.

"Mejumaa," nilimwita. "Kilianguka majini?"

Alitikisa kichwa.

"Kuna aliyekimwagia?"

Akatikisa tena.

"Basi, nenda ukanawe, ule."

Mwalimu Jacinta alinitazama kama mtu aliyetaraji zaidi. Lakini mimi nimelea watoto sita na wajukuu tisa, na huwasomesha wadogo wa mtaani alifu-bee hapa ukumbini kwangu kila alasiri. Najua mtoto anayeficha uovu, na najua mtoto anayetunza kitu. Nyuso zao hazifanani. Nilichotaka kujua ni alikuwa akitunza nini.

Kile kishikwambi nilikipeleka kwa Fuad, kijana jirani anayetengeneza simu kwenye chumba cha chini cha nyumba ya pili. Alikifungua kwa bisibisi ndogo kama sindano ya kushonea kofia, akainua kioo, akanusa.

"Hiki hakikumwagiwa, Bi Zuhura."

"Wajuaje?"

"Watoto humwaga chai, soda, uji. Hubaki sukari, hunata. Hapa ni maji matupu, na yameingia pande zote nne sawasawa. Tazama kioo, hakina hata alama ya kidole." Akacheka. "Hiki kimeoshwa. Kimeoshwa vizuri kuliko sahani za nyumbani kwangu."

"Kitapona?"

"Nipe siku mbili. Nitakiacha wazi mbele ya feni. Siahidi kitu."

Nilirudi nyumbani na neno hilo moja. Kimeoshwa. Mtoto wa miaka saba, ambaye kuosha kikombe chake ni mpaka nimwite mara tatu.

Jumatano asubuhi nilimwomba Mwalimu Jacinta anikalishe darasani. Alinipa kiti cha watoto, magoti yakanifika kifuani, na watoto wakafurahi sana. Walikaa makundi makundi, kila kundi na kishikwambi chake. Kundi la Mejumaa lilikuwa limegawanywa kwa mengine, na hakuna aliyelalamika mbele yangu. Msichana mmoja, Beryl, alimsogezea Mejumaa nafasi kwenye benchi kabla hajaombwa. Nililiona hilo nikaliweka moyoni.

Mimi niliketi na kundi la Sammy, mtoto mwenye pengo la meno mawili na maneno ya kujaza pengo hilo.

"Nyanya, wewe unajua kusoma?"

"Najua, lakini polepole. Na herufi za Kiarabu nazijua zaidi kuliko hizi zenu."

"Usijali. Tutakusaidia."

Akagusa kioo. Ikatokea picha ya kitabu, na sauti ya mwanamke ikasema tufungue somo la nane. Sammy akagusa. Kitabu kikazunguka, kikazunguka, kisha kikatokea kisanduku cheupe chenye maandishi. Nikaanza kuyasoma. Nilifika neno la kwanza, kidole cha Sammy kikaenda pembeni, kisanduku kikatoweka.

"Mbona umekifunga? Nilikuwa nasoma."

"Hicho hufungwa tu, nyanya. Kinakuja kila siku."

"Kinasema nini?"

"Kinasema..." Aliwatazama wenzake. "Kinasema kifungwe."

Wenzake wakakubaliana naye. Mwalimu Jacinta alipita akagusa, kisanduku kikaja, naye akakifunga akitazama kundi jingine. "Vimekuwa vizito siku hizi," aliniambia. "Somo la nane linakataa kuingia. Tutarudia la saba."

Watoto wakarudia la saba, ambalo walikwisha kulijua hata usingizini. Kwenye benchi la mbali nikamwona Mejumaa ananitazama, midomo imefumbwa kama mfuko uliokazwa kamba. Nikamtabasamia. Akageuza uso.

Alasiri wakaja watoto wangu wa chuo cha Kurani, saba, na Mejumaa wa nane. Vyuo vingi siku hizi husomea vitabu vya kupiga chapa, na ni vizuri, lakini mimi bado nina mbao za marehemu mama yangu, na wadogo huzipenda. Nawaandikia somo kwa wino wa masizi, wanalisoma mpaka walijue kwa moyo. Ubao ukishajaa, na somo likishaingia kichwani, ubao huoshwa ili somo jipya lipate mahali. Maji yake hayamwagwi njiani pakakanyagwa, kwa kuwa yana maneno ya Mungu. Humwagwa uani, shinani mwa mwasumini. Hayo niliyafundishwa na mama, nami huwafundisha wao kabla hata ya alifu.

Siku hiyo Mejumaa alinisomea ubao wake wote bila kukwama. Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu. Kaoshe."

Aliupeleka uani, nami nikamfuata, si kwa kumpeleleza, nilitaka tu kupunga upepo. Akauweka juu ya beseni. Alianza kwa pembe, zote nne, akiteremsha maji kwa kiganja kidogo kidogo. Kisha akapitisha mkono katikati, mbele na nyuma, mpaka ubao ukang'aa. Nikasimama pale na maneno ya Fuad masikioni. Pande zote nne sawasawa.

Niliketi kwenye kizingiti.

"Mejumaa. Kile kishikwambi kilikuwa kimejaa?"

Hakuinua kichwa, lakini mkono ulisimama.

"Kilisema chenyewe, nyanya. Kilisema, 'Nafasi imejaa. Somo jipya haliwezi kuingia.' Nilikisoma mpaka mwisho. Wenzangu hukifunga."

"Ukakiosha."

"Somo la saba tulikuwa tumelijua sote. Nikakiosha taratibu, sikukichovya. Na maji sikuyamwaga njiani. Niliyamwaga pale shinani mwa ule mti wa mkungu wa shule, hapakanyagwi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nikaona yote mawili yatamtisha. Nikavuta pumzi.

"Na mwalimu alipokuuliza, mbona hukumwambia hivyo?"

"Kwa sababu angeniuliza nani kanifundisha."

Akamimina maji ya ubao kwenye shina la mwasumini, tone la mwisho, akaukausha ubao kwa upindo wa gauni lake. Siku mbili mtoto huyu alikuwa amebeba lawama peke yake ili isinifikie mimi. Nilimkumbatia na ubao wake, ukanilowesha kifua.

"Kesho," nilimwambia, "tutakwenda pamoja tuseme nani kakufundisha."

Alhamisi kabla ya kengele tulimkuta Mwalimu Jacinta peke yake darasani. Nilimweleza yote, na Mejumaa akaongeza habari za mkungu. Mwalimu alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakamtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akaacha ghafla.

"Ngoja," alisema. "Nafasi imejaa?"

Akachukua kishikwambi kimoja, kisanduku kikaja, na mara hii akakisoma mpaka mwisho, sauti chini, kama mtoto. Akafungua mahali pa picha. Na mimi, ambaye tangu jana nilikuwa nimetamani kujua hicho kioo kimejaa nini, nikasogea.

Kilikuwa kimejaa ndimi. Ndimi, meno, pengo la Sammy kwa mbali na kwa karibu, feni ya darasani, ndala, sikio la mtu, feni tena. Picha mia nane na kitu. Kishikwambi cha pili kilikuwa na zaidi. Watoto walikuwa wamejipiga picha kila mwalimu alipogeuka, na zile picha zimekaa humo zimebanana hadi somo la nane halina pa kukaa.

"Mwezi mzima," Mwalimu Jacinta alisema. "Mwezi mzima nakifunga. Nikadhani vimeshakufa." Akamgeukia Mejumaa, akachuchumaa macho yao yalingane. "Wewe peke yako ndiye uliyesoma. Ila mwanangu, hivi huoshwa kwa kidole kikavu. Ni kosa langu, sikuwaonyesha. Tutaviosha kesho, Bwana Dzoro akishakiona hicho kisanduku mwenyewe."

Jioni Fuad akanirudishia kile kilichooshwa. Kiliwaka. Kioo kilikuwa safi, maandishi yanaonekana, lakini sauti haikurudi. "Bubu," Fuad alisema, na akakataa malipo, eti amepata hadithi ya kusimulia barazani mwaka mzima.

Ijumaa Bwana Dzoro aliingia darasani na rundo la funguo mkononi. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye hofu ya mtu aliyetia sahihi. Watoto wakasimama. Niliposimama mimi pia, kwenye benchi la Mejumaa, alishangaa.

"Bi Zuhura, kuna nini?"

"Kuna kosa, mwalimu mkuu, na ni langu." Nikamweleza. Sikurefusha. Nilimpa kile kishikwambi bubu mkononi mwake.

Alikigeuza geuza. Alikileta sikioni kama anayesikiliza kombe la bahari. "Nilisema kikiharibika kimoja," alisema.

"Ulisema," nikajibu.

"Mimi si mtu wa kusema jambo nikalibatilisha."

Beryl alikishika kishikwambi cha kundi lake kwa mikono miwili.

"Mwalimu mkuu," alisema Mwalimu Jacinta, "hebu kwanza uguse hiki." Akampa kingine. Bwana Dzoro akagusa, kisanduku cheupe kikaja, na kidole chake kikaenda pembeni moja kwa moja kukifunga.

Watoto wakaguna. Hakuna aliyecheka ila Sammy, naye alijiziba.

"Mejumaa," mwalimu akaita, "msomee."

Kisanduku kikaletwa tena. Mejumaa akasimama akasoma, neno kwa neno, bila kukwama, mpaka nukta.

Bwana Dzoro alikisogeza kishikwambi karibu na macho. "Cha ofisini kwangu pia huniletea hicho," alisema. "Kimejaa nini?"

Hapo Sammy alianza kusukuma kishikwambi cha kundi lake chini ya daftari. Mwalimu mkuu ana macho.

"Sammy, lete nione."

"Ni picha tu, mwalimu."

"Lete."

Akakileta. Bwana Dzoro akapitisha kidole: ulimi, feni, pengo, ndala. Kisha kidole kikasimama. Mimi nilikuwa karibu, nikaiona. Ilikuwa siku ya michezo, kwenye kiti cha wageni, Bwana Dzoro mwenyewe, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, usingizi umemchukua mbele ya shule nzima.

Sammy alikuwa amefumba macho.

"Huku ndiko kuosha kwenyewe?" Bwana Dzoro alimuuliza Mejumaa. "Kwa kidole?"

"Kidole kikavu," Mejumaa alimjibu. "Mwalimu alisema."

"Na mkishaosha, somo la nane litaingia?"

"Tujaribu."

Akaviweka vishikwambi vyote viwili mezani, kile cha Sammy na kile bubu, akarudisha funguo mfukoni.

"Basi anzeni na hiyo picha yangu," alisema, na hakuondoka mpaka Mejumaa alipoigusa ikapotea.