Kanuni Saba za Meza ya Kijapani

Mimi, Kim wa Bedan, Mwenyekiti Mwanzilishi wa Chama cha Utamaduni wa Kijapani katika shule ya bweni ambayo siitaji ili kuilindia heshima yake, natangaza rasmi kwamba Jumapili ya pili ya likizo ya Agosti niliiongoza familia yangu katika mlo wa kwanza wa Kijapani kuwahi kuliwa na mtu wa ukoo wetu. Chama chenyewe kina wanachama watatu. Tulikianzisha ili tukwepe kufyeka nyasi Jumamosi asubuhi, na mmoja wetu, Okinyi, bado anaamini kwamba siku moja tutapewa chai. Maarifa yetu yote yanatoka katika kijitabu cha watalii tulichokiokota maktabani, ambacho kurasa zake za katikati zilikuwa zimechanwa na mtu aliyekuwa na haja nazo ya haraka.

Lakini nyumbani hawakuyajua hayo. Nyumbani nilikuwa mtaalamu.

Mkahawa uko Njiru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na saruji. Mwenyewe ni Abdimajid, mfanyabiashara wa Eastleigh aliyeishi Nagoya, Japani, miaka tisa akituma vipuri vya magari huku kwetu, kisha akarudi na mapenzi ya wali na samaki. Dada yangu Eve alikuwa akipika hapo kwa majaribio ya miezi mitatu, na majaribio yaliisha Jumapili hiyo. Abdimajid alikuwa amemwambia waziwazi: "Lete wazazi wako. Maneno yao sitasikiliza, mzazi atakusifu tu. Mimi nitaangalia sahani zikirudi jikoni." Zikirudi tupu, kazi ni yake. Zikirudi na chakula, basi, na Baba angepata alichokitaka tangu mwanzo, yaani Eve aende chuo cha uuguzi, ambacho fomu zake zilikuwa juu ya kabati zikingoja sahihi.

Haya yote niliyajua. Nayasema mapema kwa sababu huko mbele yatanidhuru.

Baba ana bucha Kayole na ni mzee wa kanisa. Hofu yake kubwa duniani ni kuonekana hana adabu. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yetu alikula sahani nne kwa sababu mwenyeji alimpakulia mara nne, akarudi nyumbani amelala kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa. Kwa hiyo Alhamisi aliponiita sebuleni akaniuliza, "Kim, hawa Wajapani wanakula vipi? Sitaki kumwaibisha Eve," ilikuwa kana kwamba amenikabidhi funguo za stoo ya shule.

Niliomba karatasi yenye mistari, nikaandika kanuni saba. Ya kwanza, kuvua viatu, ilikuwa ya kweli. Baada ya hapo kalamu ilijiendea yenyewe.

Baba alizisoma mara mbili kwa miwani. Aliuliza swali moja tu, juu ya kanuni ya tatu, iliyosema kwamba sala ya chakula isizidi pumzi moja.

"Pumzi ya nani?"

"Ya anayesali, Baba."

"Mimi nina mapafu mazuri," akasema, akaikunja karatasi na kuitia ndani ya Biblia.

Jumapili tulitoka kanisani moja kwa moja hadi Njiru. Tulivua viatu mlangoni. Kanuni ya pili iliwataka wageni wawainamie wapishi kwenye mlango wa jikoni kabla ya kuketi, basi nikawaonyesha mlango wenye pazia la buluu. Baba na Mama wakasimama bega kwa bega, wakainama hadi kiunoni. Pazia likafunguka, akatoka bwana mmoja akijifuta mikono. Akatutazama kwa muda. Halafu naye akainama.

"Mtu mwenye adabu sana," Baba alisema tulipoketi.

"Baba Eve, mbona ameenda kukaa na watoto wake pale dirishani?" Mama akauliza.

"Hata wapishi hupumzika."

Kisha Baba akavuta hewa kama mtu anayetaka kuzama mtoni, akaombea chakula, mpishi, mwenye mkahawa, wagonjwa wa kanisa letu na mvua za vuli. Alipofika kwenye amina alikuwa amebadilika rangi.

Whitney, mhudumu, akaleta sahani tatu. Juu yake palikuwa na vifuko vya unga vyenye nyama ndani, vimekaangwa upande mmoja tu hadi vikawa rangi ya asali, na harufu ya tangawizi iliyonifanya nisahau miezi mitatu ya maharagwe ya shule. Kanuni ya nne ilidai tuvitazame kimya kwa dakika mbili. Baba alihesabu kwa saa yake.

"Kim," Mama alininong'oneza, "una hakika? Mimi nimekunywa chai peke yake tangu asubuhi."

"Wajapani ni watu wa subira, Mama."

Dakika mbili zikaisha. Baba akanyoosha mkono.

"Binti yangu, rudisha hizi jikoni," akasema kwa upole wa mtu anayetoa sadaka. "Kwa heshima zote."

"Zote tatu?" Whitney akaduwaa. "Kuna shida, mzee?"

"Hakuna shida yoyote. Mwambie mpishi hatujagusa hata kimoja."

Hiyo ilikuwa kanuni ya tano. Sahani ya kwanza hurudi bila kuguswa, kwa heshima ya mpishi. Nilipoiandika nilikuwa nikifikiria kanuni ya sita tu, ambayo tutaifikia. Sasa nikamwona Abdimajid kwenye kaunta, anazifuata zile sahani kwa macho hadi zikapotea jikoni. Ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nilikunja kitambaa cha karatasi mara nne, nikakikunjua, nikakikunja tena.

Eve akatoka. Hakutoka kwenye pazia la buluu. Alitoka upande wa pili kabisa, aproni yake ina unga, na Baba akageuza kichwa mara mbili kutazama milango yote miwili.

"Baba, hata kuonja?"

"Nimekuheshimu, mwanangu."

"Ile nyama ni yako. Jana nilikuja buchani, ukanichagulia kwa mkono wako, ukaniondolea mafuta." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kama hutaki nipike, ungeniambia nyumbani. Ningesaini zile fomu, yaishe."

Mikono yake ikaenda nyuma ya mgongo, ikaanza kufungua fundo la aproni.

Abdimajid akafika. "Mzee, samahani. Chakula kina nini?"

"Hakina neno, ndugu yangu," Baba akasema, sasa amechanganyikiwa. "Tunafuata kanuni. Wewe umeishi huko, unazijua." Akafungua Biblia, akamkabidhi karatasi.

Abdimajid alisoma kwa utulivu wa mtu anayekagua mzigo bandarini.

"Hii ya kwanza ni kweli," akasema. Akaendelea kusoma. Masharubu yakaanza kumcheza. "'Kanuni ya sita: chakula kilichorudishwa hufungiwa mtu mdogo kuliko wote mezani, akale nyumbani. Kanuni ya saba: aliyewafundisha wenzake kanuni hizi huongezewa soda.'" Akainua macho. "Nani mdogo kuliko wote hapa?"

Wote walinitazama tu. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kim. Hicho chama chenu kina Mjapani hata mmoja?"

"Hakina, Baba."

Fundo la aproni lilikuwa limeshafunguka. Nilisimama bila viatu.

"Eve, ni mimi," nikasema. "Baba hana kosa. Nilizitunga ili sahani zote tatu ziwe zangu. Nilijua ni siku yako ya mwisho ya majaribio, na bado nikaandika."

Mama ndiye aliyejibu: "Na mimi nimeshinda na njaa."

"Binti," Baba akamwita Whitney, "zirudishe. Jinsi zilivyo."

Zilirudi zimepoa. Mama alimaliza yake kabla ya mtu yeyote kukumbuka kusali tena. Baba alimaliza yake, kisha akaivuta yangu, akala kifuko kimoja kimoja, polepole, akinitazama. Abdimajid akazichukua sahani tatu tupu, akamwonyesha Eve.

"Jifunge aproni. Kesho saa mbili asubuhi usichelewe."

"Na zile fomu," Baba akamwambia Eve, akijifuta midomo, "ni karatasi nzuri. Nitamfungia mtu maini." Kisha akanigeukia mimi. "Kuna lingine?"

Niliangalia pazia la buluu. Mama mmoja alikuwa akiingia akimvuta mtoto aliyebana miguu.

"Ule mlango tulioinamia, Baba," nikasema. "Ni wa choo. Nilijua tangu Jumanne, nilipomletea Eve viatu vyake."