Kahawa ya Mke Aliyesafiri

Kila mwaka Taasisi ya Ubongo pale Nshambya huwaita wafadhili wake na kuwaeleza imefika wapi. Ni siku ya mashati yaliyopigwa pasi na maneno makubwa. Lakini Daktari Evelyne Kahangwa alijua kwamba safari hii maneno yangeizidi kazi. Mfadhili mkubwa wa nje alikuwa amejitoa, kemikali za maabara zilichelewa, na kati ya bongo zote zilizotolewa na familia za marehemu, ni mmoja tu uliochunguzwa mpaka mwisho. Ulikuwa wa mzee Rutaihwa wa Muleba, aliyekufa kwa ugonjwa wa kusahau.

"Mpe mjane wake majibu," alisema mkurugenzi, Daktari Zahoro, "kisha umwombe atuachie ubongo huo mwaka mmoja zaidi. Wafadhili wapya wanataka kuona tuna nini mkononi. Tukiurudisha tutawaonyesha nini, viti?"

"Tuliahidi kuurudisha, Daktari."

"Tuliahidi, ndiyo. Basi nenda nao. Ila omba kwanza."

Evelyne aliweka kisanduku cha mbao kwenye kiti cha nyuma na kukifunga mkanda. Tangu Rwamishenye mpaka Muleba hakuwasha redio. Alikuwa mtoto wa Kihaya, hakuhitaji kuelezwa alichobeba. Rutaihwa alizikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba, lakini hakuzikwa mzima, na ukoo ulikataa kuanua matanga hadi kilichobaki kirudi. Matanga yasipoanuliwa, mrithi hakalishwi kwenye kiti cha marehemu. Mjane wake, Benigna, alikuwa akilala nyumbani kwake bila kujua kama bado ni kwake.

Na lilikuwepo neno baya kuliko hilo. Miaka yake ya mwisho, Rutaihwa alimkana mkewe. Alimwita mwizi, akamfukuza kwa fimbo majirani wakiona. Lameki, mdogo wa marehemu, akatangaza kwamba mtu hafiki hapo bure, mwanamke huyu alimlisha kitu. Ndiyo maana Benigna aliwaita watu wa Taasisi, watazame ndani waseme wanachokiona. Lameki naye hakupinga, kwa kuwa alitegemea sumu ionekane. Kila mmoja alikuwa na haja yake.

Evelyne aliikuta sebule imetandikwa nyasi mbichi na wazee wa ukoo wamekaa. Benigna akampitishia kahawa ya kutafuna, kama anavyopokewa mgeni yeyote. Evelyne hakuzungusha maneno.

"Ni ugonjwa," alisema. "Ulianza miaka mingi kabla hamjauona. Hakuna chakula wala dawa ya kienyeji inayouharibu ubongo kwa namna tuliyoiona."

Lameki alikohoa, akatazama nyasi. Wazee wakaguna. Kwa haki, hapo Benigna angeshusha pumzi. Hakushusha.

"Mwanangu," alisema, "huko ndani mliona kama alinichukia?"

Evelyne alijisikia mdogo na mjinga, pamoja na shahada zake zote. "Mama, hilo hatulioni. Tunaona palipokufa. Mtu alimpenda nani, hadubini haionyeshi."

"Basi sawa," alisema Benigna, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyengoja kitu kikubwa akapewa kidogo.

Evelyne akakumbuka kwamba katika maswali yote ambayo Taasisi ilimuuliza mama huyu, lilirudi lile lile: mzee amesahau nini? Hakuna aliyeuliza upande wa pili.

"Waitu, Mama," aliuliza kwa neno la heshima la Kihaya, "ni kitu gani alichoendelea kukikumbuka?"

Benigna alikunja uso. "Kahawa. Kila asubuhi aliigawa mara mbili. Nusu alitafuna, nusu aliifunga kwenye jani kavu la mgomba akaificha alipolalia. Siku niliyoigusa ndiyo siku aliyonipiga. 'Acha, mwizi wee! Hiyo ya mke wangu. Amekwenda kwao, akirudi akute nimemwekea.'" Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mke wake! Na mimi nimesimama mbele yake. Nikajua alikuwa na mwingine, na maradhi yamemfichua. Hilo sikumwambia mtu."

"Alimtaja jina?" aliuliza Lameki ghafla.

"Hakumtaja. Alisema tu yule anayeziba mdomo kwa kiganja akicheka."

Lameki alinyanyuka nusu, akakaa tena. Mtu aliyemsema mama huyu vibaya kijiji kizima sasa alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Shemeji," alisema, "ulipoletwa hapa bibi harusi, ulikuwa na pengo. Ulikuwa unaziba mdomo ukicheka. Tulikutania sana sisi mashemeji. Uliacha ulipozaa mtoto wa kwanza."

Kiganja cha Benigna kikapanda polepole, kikaziba mdomo, na machozi yakapita juu yake.

"Ugonjwa huu huanza kwa kula mambo ya karibuni," alisema Evelyne kwa upole. "Ya zamani hubaki. Hakukujua ulivyozeeka, Mama. Alikuwa anakungoja wewe ulivyokuja bibi harusi."

Alitoka kwenda kuchukua kisanduku garini. Simu ikaita, Zahoro.

"Umeomba?"

"Sikuomba, wala siombi. Waambie wafadhili mwaka huu tumepata jibu moja, na tumelipeleka kwa aliyetupa swali."

"Watatuona hatuna kitu."

"Tukimnyima huyu mama, mwakani nani atatupa ubongo wa mtu wake?"

"Haya," alisema hatimaye, na akapumua kwa uchovu. "Tutawaambia hivyo hivyo."

Lameki mwenyewe ndiye aliyefukua pembeni mwa kaburi. Kabla kisanduku hakijashuka, Benigna aliomba kifunguliwe kidogo. Alitoa kahawa kwenye upindo wa kitenge, akaigawa mara mbili. Nusu akaitia kinywani. Nusu akaifunga kwenye jani kavu la mgomba, akailaza ndani taratibu.

"Nimerudi," alimwambia. "Nimeikuta."