Vitabu Vilivyofungiwa Stoo

Mwalimu mkuu alikuwa na jina la utani, Mama Kufuli, na alilipenda. Aliamini watu wanasifu uangalifu wake. Serikali ilipoleta vitabu vipya vya sayansi pamoja na chati za ukutani na lenzi za kukuzia, alivipokea mwenyewe getini, akasimamia vikiingizwa stoo, akafunga. Vile vya zamani vilikuwa vimechanwa na kupotea, na wakubwa wa elimu walimwita ofisini wakamkaripia kama mtoto. Safari hii hakutaka yamkute tena. Mwalimu wa sayansi aliomba, akasihi, mwisho akachoka akarudi kwenye chaki yake.

Mwaka wa pili ikaja habari kwamba afisa wa mitaala angepita kuuliza shule zinavionaje vitabu hivyo, ili serikali ijue iendelee kuvigharimia au iandike vingine. Asubuhi ya ugeni, stoo ikafunguliwa. Chati zikabandikwa, vitabu vikagawiwa darasa la mwisho, na wanafunzi wakaonywa wanawe mikono kwanza.

Afisa alikuwa mtu mpole mwenye mvi, aliyefundisha miaka mingi kabla ya kuhamia ofisini. Akauliza kama vitabu vinasaidia. Mama Kufuli akasema vinasaidia sana. Afisa akamgeukia mwalimu wa sayansi, naye, bila kumtazama mkubwa wake, akasema wanavitumia kila kipindi. Mama Kufuli hakuwa amemtuma aseme uongo. Kijana wa watu alikuwa anamsitiri tu, na yeye ndiye aliyemnyima vitabu hivyo.

Wanafunzi wakaambiwa wafungue somo la moyo. Kurasa zikasikika zikibanduka darasa zima, maana zilikuwa bado zimegandana. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, tunavirudisha sasa hivi au mgeni akishaondoka?"

Afisa akakirudisha mezani kitabu alichokishika, akatoka, Mama Kufuli akamfuata. Kwenye korido hakupandisha sauti.

"Mimi ni mmoja wa walioviandika," alisema. "Tulihangaika mpaka fedha zikapatikana. Tulijua watoto watavichana, mwalimu. Ndiyo maana tuliagiza vya ziada."

Mama Kufuli aliweza tu kumwomba asimhesabie kosa mwalimu wa sayansi. Afisa akasema ataandika kwamba shule hii bado haijavijaribu, akaaga. Mama Kufuli akarudi darasani akamkabidhi mwalimu wa sayansi funguo za stoo, akamwomba radhi. Kijana akazipokea, akashukuru kwa adabu ya kiofisi, akaendelea na somo.

Jioni shule ilipofungwa, Mama Kufuli hakwenda kwake. Alipita kwa mdogo wake wa kike, ambaye binti yake alimaliza shule hapohapo mwaka uliopita, akafeli sayansi. Matokeo yalipotoka, Mama Kufuli ndiye aliyemwita mvivu, sebuleni, mbele ya baba yake na wageni, na wote wakakubali, maana aliyesema ni mwalimu.

Binti alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo. Hakuacha kuanika wakati mama yake mkubwa akijieleza, akikwama, akianza upya.

"Kwa hiyo vilikuwepo," binti alisema mwishowe.

"Vilikuwepo, mwanangu."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima. Na bado nikakuita mvivu."

Binti akakung'uta shuka, akaitandaza kambani, akaibana na vibanio pande zote mbili. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alisema tu kwamba somo la moyo ndilo lililomshinda kabisa.

Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni akiyasikia yote. Hakumkaribisha dada yake chai. Alimwambia baba mtoto yu njiani anarudi, na maneno hayo ayarudie mbele yake, palepale sebuleni.

Mama Kufuli akavua viatu, akaingia, akakaa kumsubiri shemeji yake.