Tani Saba za Jumanne na Ijumaa

Ofisini walimwita Bi Nukta, kwa sababu hakukubali namba ikatwe mkia. Mwenzake akisema saba, yeye huuliza kama ni saba kamili au saba na nukta ngapi. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, hana mume, na miaka kumi na mitatu ya maisha yake aliimalizia katika kituo cha kupimia hewa juu ya kilima nje ya mji: chumba kimoja cha matofali, kompyuta mbili, meza iliyojaa vikombe vya chai visivyooshwa, na bomba jembamba lililopanda mnara kuvuta hewa kila baada ya saa moja.

Alichokitafuta ndani ya hewa hiyo ni gesi za zamani, zile zilizokuwa zikitiwa kwenye friji kabla ya nchi za dunia kukubaliana kuziacha kwa kuwa zinaharibu tabaka la ozoni. Hazionekani kwa macho, na kiasi chake hewani ni kidogo mno, lakini hazina haraka ya kuondoka. Inayotoka leo itakuwa bado huko juu wajukuu wetu wakiwa na mvi. Kila nchi huandika kwenye fomu kwamba imeacha. Kazi ya Bi Nukta ilikuwa kupima hewa yenyewe, kisha kukadiria ni tani ngapi zimetoka na zimetoka upande gani, aone kama fomu na hewa zinasema lugha moja.

Kwa miaka kumi zilisema lugha moja. Mstari kwenye kompyuta yake ulishuka taratibu, kama mtu mzima anayeshuka ngazi. Mwaka wa kumi na moja ukaacha kushuka. Upepo ukitoka upande wa mjini, mstari ulipanda.

Kwanza alidhani chombo cha kupimia kimemchezea. Alibadilisha mipira ya bomba, akakipima chombo kwa mtungi wa hewa ambayo kipimo chake kinajulikana, akajaza chupa sita za hewa na kuzituma kwenye maabara ya ng'ambo. Majibu yalirudi yaleyale. Akaingiza vipimo vya upepo vya miezi minane kwenye kompyuta, ambayo huirudisha hewa nyuma saa kwa saa mpaka ilikotoka, na ikamtolea makadirio: tani saba kwa mwaka, pengine tano, pengine tisa, kutoka upande wa mashariki wa mji. Fomu ya nchi ilisema sifuri.

Mkurugenzi wake, mtu mpole anayevaa tai hata siku za joto, aliisoma taarifa mara mbili, akamwambia wakubwa hawatasoma namba isiyo na mwenyewe. Aongeze sentensi moja kuhusu chanzo.

Hapo ndipo alipokosea, na alijua baadaye kwamba kosa halikutoka kwenye chombo. Lilitoka nyumbani.

Kaka yake ni fundi friji. Baba yao alipofariki na kumwacha mama yao peke yake, Bi Nukta akiwa msichana wa miaka tisa, kaka aliacha shule akaenda kujifunza ufundi, na ndiye aliyemsomesha mpaka chuo kikuu. Mtaa mzima humwita Fundi Barafu. Bi Nukta alifanyia kazi za shule kwenye benchi la karakana ile, kati ya kompresa zilizofunguliwa, na sauti aliyoikumbuka kuliko zote ni ile ya kaka akikata bomba la friji bovu: gesi ikatoka fsss, ikaisha, na yeye akaendelea kusimulia vichekesho vyake. Mafundi wote walifanya hivyo siku hizo. Na upande wa mashariki wa mji kulikuwa na karakana kumi na moja, ya kaka ikiwamo.

Basi akaandika: "Huenda chanzo kikubwa ni karakana za kutengeneza friji zilizoko mashariki mwa mji."

Taarifa ilipofika kwa wakubwa na kurudi ikiwa tangazo, neno huenda halikuwamo. Wiki mbili baadaye wakaguzi walizifunga karakana zote kumi na moja kwa utepe, wakachukua mitungi, na redio ikawaita mafundi wauaji wa anga.

Alimpigia kaka simu, haikupokelewa. Jioni ile akaenda nyumbani kwake. Wifi yake alimfungulia, akamkaribisha kwa adabu zote, akamwekea maji ya kunywa, kisha akakaa mbali naye. Kaka alikuwa chumbani na hakutoka. Bi Nukta alijaribu kueleza kuhusu lile neno lililofutwa. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wifi, mimi sikusoma," alisema. "Lakini najua mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Maji hayo kunywa, usije ukasema tumekunyima."

Aliyanywa, akaondoka.

Siku zilizofuata alikuwa akifika kituoni asubuhi na mapema ili asikutane na mtu. Alingoja mstari ushuke. Moyoni alijua kuwa ukishuka itakuwa ahueni na msiba pamoja: ahueni kwa kuwa hakukosea, msiba kwa kuwa hakukosea. Ilipita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karakana zilikuwa zimefungwa, mitungi imechukuliwa, mafundi wamekaa vibarazani wanatazamana. Mstari haukushuka hata nukta.

Aliangalia upya, safari hii siku kwa siku. Akaona jambo ambalo wastani wa mwezi ulikuwa umelifunika: gesi haikupanda kila siku. Ilipanda Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nne asubuhi, ikatulia alasiri. Alirudi nyuma miezi minane yote. Jumanne na Ijumaa. Hakuna fundi anayekata mabomba yake yote siku mbili tu za wiki.

Alikaa kwenye kiti chake muda mrefu, mikono imelala mapajani. Kisha akateremka kilimani, akaenda karakana.

Utepe ulikuwa bado mlangoni. Kaka alikuwa amekaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasugua funguo zake za kazi kwa kitambaa ingawa zilikuwa safi. Hakumwambia karibu. Bi Nukta alichuchumaa mbele yake kama mtoto, akamweleza yote bila kujitetea: mstari, wiki tatu, Jumanne na Ijumaa.

Kaka aliendelea kusugua.

"Hizo tani saba," alisema hatimaye, "uligawanya kwa friji?"

"Kivipi, kaka?"

"Friji moja ya zamani ina gesi gramu mia na ishirini hivi kwenye bomba. Karakana ni kumi na moja. Kila fundi akate ngapi kwa siku ili zitimie?"

Bi Nukta aliipiga hesabu kichwani pale pale. Friji kumi na saba na zaidi, kila fundi, kila siku ya kazi, mwaka mzima.

"Mimi nikipata tatu za zamani kwa wiki, nashukuru Mungu," kaka alisema. "Na tangu tulipopelekwa semina, miaka sita sasa, nanyonya gesi kwa mashine. Mtungi wenyewe wakaguzi wako wameuchukua. Hukuja kuuliza. Wewe unayeuliza nukta ngapi, kwangu hukuuliza hata namba nzima."

Bi Nukta akamuuliza friji za zamani sasa zinakwenda wapi, kama haziji kwake. Kaka alimtazama kana kwamba anauliza jua linatokea wapi. Zinakwenda yadi, alisema, nyuma ya maghala. Ule mpango wa ofisi yenu, mtu anapeleka friji kuukuu anapunguziwa bei ya mpya. Malori huzileta Jumanne na Ijumaa.

Ijumaa hiyo walikwenda wote wawili. Kaka hakusema kama amemsamehe; alisema tu kwamba bila yeye hatajua anachokiona. Yadi ilikuwa na uzio wa mabati na bango zuri lenye picha ya mti. Ndani, friji zilisimama safu kwa safu kama watu wanaosubiri daktari. Kibarua mmoja mwenye miwani ya kuchomelea alikuwa akipita na msumeno wa umeme, anakata mabomba ya shaba: fsss, anaifuata nyingine, fsss. Nyuma yake mashine ilizipondaponda kuta, na ile sponji ngumu ya manjano iliyomo ndani ya kuta ilirundikana mpaka ikapita urefu wa mtu. Bi Nukta hakuhitaji kuelezwa. Katika friji za zamani, sponji ile ina gesi nyingi kuliko hata bomba.

Kibarua hakuwa na siri. Mashine ya kunyonya gesi ilikuwapo, akawaonyesha kwenye pembe, imefunikwa turubai. Iliharibika tangu mwaka juzi, kipuri kikaagizwa, hakikuja. Na fomu? Fomu hujazwa kila jioni, alisema, kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba gesi imenyonywa. Yeye aliambiwa aweke alama.

Bi Nukta alihesabu friji zilizoletwa na malori siku ile, akauliza za Jumanne, akapiga hesabu kwenye gari kabla hawajafika barabara kuu. Tani sita na nusu kwa mwaka.

Mkurugenzi alimsikiliza mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa mjumbe wa kamati ya mpango ule wa friji, na jambo hilo Bi Nukta alilijua alipoingia. Mkurugenzi hakugomba. Alimwambia namba ni nzuri na ibaki, ila jina la yadi liondolewe, waandike kwamba uchunguzi unaendelea.

"Mafundi waliandikwa bila uchunguzi," Bi Nukta alisema.

"Uliandika wewe."

"Ndiyo. Kwa hiyo nitaandika tena mimi."

Mkurugenzi alikataa kutia saini, Bi Nukta akatia ya kwake peke yake. Marekebisho yale aliyapeleka kwa wakubwa, na kwa wanasayansi wa ng'ambo wanaokusanya makadirio ya dunia nzima, pamoja na ukurasa uliosema waziwazi kwamba sentensi ya kwanza kuhusu karakana ilikuwa dhana yake, haikuwa na kipimo, na ni makosa.

Yadi ilisimamishwa miezi miwili mpaka kipuri kilipopatikana. Mstari uliposhuka, ulishuka kidogo tu, maana rundo la sponji lingeendelea kupumua kwa miaka mingi hata likifunikwa. Bi Nukta aliachiwa kituo, lakini taarifa ya mwaka akapewa mtu mwingine. Karakana zilifunguliwa kimyakimya. Redio haikusema lolote. Nane zilirudi kazini, tatu hazikurudi. Wateja walikuwa wamehama, na mwenye moja kati ya hizo, Mzee Solda, alisema amechoka.

Bi Nukta aliandika barua kumi na moja za kuomba radhi, kwa mkono, akazipeleka mwenyewe. Fundi mmoja aliikunja bila kuisoma akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikicheza. Mwingine alimwambia arudi na ile redio iliyowaita wauaji. Kwa Mzee Solda, kaka alikubali kumsindikiza, lakini alibaki nje ya geti.

Mzee Solda aliisoma barua taratibu, midomo ikitembea. Alipomaliza aliuliza kitu kimoja: lile tabaka, linapona kweli, au ni maneno ya semina?

Bi Nukta alimwambia linapona, polepole, na kama watu hawataharibu tena huenda likarudi lilivyokuwa wakati watoto wanaozaliwa sasa wakiwa watu wazima.

"Huenda," mzee alirudia.

"Huenda, mzee wangu."

Aliikunja barua, akaitia mfukoni mwa shati, akamwambia ampe kaka yake salamu, na amwambie kusimama getini kwa mtu si heshima. Bi Nukta alipotoka, aliufikisha ujumbe. Kaka aliguna. Wakaanza kutembea kuelekea kituo cha basi, yeye mbele hatua mbili, kama alivyozoea tangu zamani. Walipokaribia barabara alisema, bila kugeuka, kwamba Jumamosi mama yao anapelekwa kliniki, na kama Bi Nukta ana nafasi, aje saa mbili waende wote.