Bado Bluu

Mama Pazia anasema nilichomoa waya wa kompyuta ya shemeji yangu kwa mikono inayochuruzika maji, cheche zikaruka, moshi ukatanda, nami nikasimama pale pale nikicheka. Anaapa kwamba aliyaona yote kwa macho yake mawili. Siku ya kwanza alipoisimulia, moshi ulikuwa kidogo tu. Hadi habari inafika duka la kwenye kona, shemeji alikuwa ameshalia machozi, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa nifungashe virago.

Jirani huyu tunamwita hivyo kwa sababu pazia lake halitulii. Dirisha lake na la sebuleni kwetu yanatazamana, katikati kuna kamba ya nguo tu. Akianika shuka zake kwenye kamba hiyo, ujue amemaliza kuchungulia kwa siku hiyo.

Nilichofanya ni hiki. Jumamosi mchana dada yangu alitaka sare yake ya kazi ipigwe pasi. Sebule ina soketi mbili, moja ilishakufa, iliyobaki ndiyo ya kompyuta. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ile ya sanduku kubwa, isiyo na betri. Shemeji alikuwa amekwenda kunyolewa. Dada akapaza sauti kutoka chumbani, "Chomoa tu, si imelala hiyo?" Mikono yangu ilikuwa mikavu. Nikachomoa, nikapiga pasi, nikaurudisha waya ulipokuwa. Kicheko sikikumbuki. Katika nyumba hii nicheke nini?

Shemeji anatengeneza programu za simu. Siku hizo alikuwa na ya kliniki moja, ili mgonjwa achukue namba ya foleni akiwa kwake badala ya kukaa kwenye benchi tangu asubuhi. Wenye kliniki walikuwa waje kuiona Alhamisi, hapo hapo sebuleni. Kabla programu haijaingia kwenye simu ya kweli, huijaribu kwanza kwenye simu ya kuchorwa inayotokea ndani ya skrini ya kompyuta, na vitufe vyake, na saa yake juu. Yeye anaiita simuleta. Mimi naiita simu ya uongo. Unabonyeza alama ya programu kwa kipanya, nayo inafunguka kama vile umeishika mkononi.

Ila hii haikufunguka. Ukibonyeza, ukurasa wa bluu unatokea, unahesabu moja, mbili, unapotea, na simu ya uongo inabaki imekutolea macho.

"Umeniulia kazi," shemeji aliniambia Jumamosi ile jioni.

"Shemeji, hata jana ilianguka hivi hivi. Nilikuwa hapa nakunja nguo."

"Ya jana lilikuwa kosa langu, na leo asubuhi nimelisahihisha. Hili ni lako."

"Langu kivipi?"

"Mtu wa shule ya msingi nimweleze nini, aelewe nini? Kaa mbali na meza yangu."

Dada alikuwa anakula. Aliendelea kula. Hakusema kwamba yeye ndiye aliyeniambia nichomoe, na mimi sikumtaja, maana nyumba ni yao na godoro ninalolalia ni lao.

Maneno ya Mama Pazia ningeyaacha yapite kama kelele za mtaa, isingekuwa karakana ya kushona. Iko barabara ya pili. Mwenyewe ni mama mmoja fundi, hatoi utepe wa kupimia shingoni hata akienda sokoni. Kwa miezi saba nilimwomba nafasi, nikawa nafagia vipande vya vitambaa bure ili anione. Hatimaye akanionyesha mashine ya tatu kutoka mlangoni, akasema Jumatatu ijayo hiyo ni yako, na chumba cha nyuma wanakolala wasichana kina kitanda kimoja kitupu. Kitanda! Nilikuwa nimeanza kukunja nguo zangu kwa mawazo.

Jumatatu hii, ikiwa imebaki wiki moja, aliniita mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Mashine zangu zote ni za umeme, binti. Siwezi kumweka mtu mwenye mkono wa kuchomoa chomoa."

"Mama, mimi sikuharibu kitu."

"Na nani huwa anasema ameharibu? Mwenye kompyuta aniambie kwa kinywa chake kwamba si wewe. Hata kwa simu. Nisipolisikia neno lake hadi Ijumaa saa sita mchana, mashine nampa mwingine."

Basi nikarudi nyumbani nikijua kitu kimoja: ile simu ya uongo isipofunguka, na mimi sifunguliwi.

Nikaanza kutazama. Kutazama hakuhitaji cheti. Nilipiga deki polepole, nilipanga vyombo polepole, macho yangu yako kwenye skrini. Shemeji aliifunga simu ya uongo akaiwasha upya. Ikaanguka. Akaifuta kabisa, akaleta nyingine mpya, jina tofauti, umbo tofauti. Ikaanguka. Akazima kompyuta yote, akaiwasha. Akasoma mistari myekundu huku akisonya. Akafungua maandishi yake, akafuta hapa, akaongeza pale, akaiagiza kompyuta ijenge programu upya. Kompyuta ikasema tayari. Akabonyeza. Moja, mbili, kwishney.

Rafiki yake wa kazi alimwambia kwenye simu, kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, "Si ufute vyote ulivyokwisha jenga, uanze sufuri?"

"Kwa intaneti hii? Kupakua vipande vyote ni siku tatu. Alhamisi ndiyo hiyo." Akanitupia jicho. "Ni huyu shemeji yangu bwana. Alichomoa waya, sijui ameunguza nini humo ndani."

Hapo ndipo nilipojua moshi wa Mama Pazia ulianzia wapi.

Jumanne nikaona jambo. Tangu Jumapili wenye kliniki walikuwa wamepiga simu wakasema bluu hawaitaki, wanataka kijani kama geti lao. Shemeji akabadilisha siku ile ile, nilimsikia akinung'unika. Sasa ni Jumanne, na ukurasa unaotokea kabla ya kuanguka, ule wa moja, mbili, ni wa bluu.

"Shemeji," nikasema, tambara mkononi. "Ulisema ni kijani."

"Nini?"

"Ukurasa. Mbona bado ni bluu?"

"Programu inakufa, wewe unaniuliza rangi! Ukichinjiwa kuku utauliza manyoya?"

Dada akacheka. Nilimtazama hadi akaacha.

Lakini neno lilishaniingia. Usiku wa kuamkia Jumatano nililala nalo. Kama aliandika kijani, na inayotokea ni bluu, basi inayoanguka pale si programu ya leo. Ni ile ya Ijumaa, ile yenye kosa lake mwenyewe. Kila siku anatibu mgonjwa mmoja na kulaza kitandani mwingine. Ila kwa nini kompyuta ichukue ya zamani na mpya ipo, hilo sikulijua.

Jumatano asubuhi nikafuta tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kama ninavyofanya kila siku tangu niahidiwe ile mashine. Nikaweka mkwaju kwenye thelathini. Nikageuka kufuta vumbi la meza, kwa mbali, kama nilivyoamriwa. Pale chini kwenye kona ya skrini paliandikwa Jumatano. Saa ilikuwa sawa. Tarehe ilikuwa tisa.

Nikaikumbuka Jumamosi asubuhi, kabla ya kunyolewa, kabla ya pasi. Programu nyingine, anayotumia kuchorea kurasa, ilimletea tangazo kubwa katikati ya skrini: siku zako thelathini za majaribio zimekwisha. Akatukana, akapeleka mshale kwenye ile kona ya saa, akabonyeza bonyeza, na tangazo likaondoka. Alirudisha tarehe nyuma wiki tatu kamili, ili siku zilingane na asishtuke mtu. Ujanja wa kumdanganya mwenye duka kwamba bado unaonja.

"Shemeji, kompyuta yako inasema leo ni tarehe tisa."

"Toka hapo."

"Kalenda inasema thelathini. Wewe uliirudisha Jumamosi, nilikuona."

Alikuwa ameinua mkono ili anifukuze kama inzi. Mkono ukabaki hewani. Akatazama kona. Akatazama tarehe za mafaili yake, akazipitia kwa kidole kwenye kioo.

"Ikijenga, inalinganisha tarehe za mafaili," alisema, wala hakuwa anasema na mimi. "Iliyojengwa Ijumaa ina tarehe ya ishirini na tano. Zote nilizorekebisha zina ya tano, ya sita... Inaziona ni za zamani. Inaziruka."

Nilielewa bila kuelezwa. Pale karakana kila nguo ina kikaratasi cha tarehe, na mteja akibadili vipimo anaandikiwa kipya. Fundi hufuata chenye tarehe ya mbele. Ukiandika tarehe ya mwezi uliopita kwenye kikaratasi kipya, fundi atakiweka kando na kushona vipimo vile vile vya mwanzo, na hana kosa.

Akairudisha saa mahali pake. Papo hapo programu ya kuchorea ikajifunga na kuweka kufuli, akasonya. Kisha akafungua faili moja moja, katika kila moja akaweka nafasi tupu na kuhifadhi, ili zote zipate tarehe ya leo. Akaagiza ijengwe. Safari hii kompyuta ilichukua muda, feni ikavuma. Akabonyeza.

Kijani. Moja, mbili, tatu, nne. Ukurasa ukafunguka: Karibu, chukua namba yako.

Shemeji akapiga meza kwa kiganja. "Nilijua tu!" akasema. Aliyejua nani? Dada akaja mbio, akamkumbatia mabegani. Mimi nilikuwa bado nimeshika tambara.

"Sasa utamwambia yule mama wa karakana?" nikauliza.

"Subiri kesho ipite."

Nikasubiri. Kusubiri nakuweza.

Alhamisi wenye kliniki wakaja, mwanamke mmoja na wanaume wawili, wakakaa kwenye viti nilivyovifuta. Programu ilifunguka kila ilipobonyezwa. Wakachukua namba za uongo kwenye simu ya uongo, wakafurahi kama watoto. Nilikuwa naingia na sinia la chai pale yule mwanamke alipouliza, "Kwa hiyo Jumapili ulipotuambia imegoma, tatizo lilikuwa nini?"

Nikasimama. Shemeji alinitazama, nikamwona anavyopima. Angekiri vipi kwamba alirudisha saa ili asinunue programu ya kuchorea, mbele ya watu wanaotaka kumkabidhi majina ya wagonjwa wao?

"Si huyu hapa," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Alichomoa waya apige pasi."

Wakacheka. Mmoja wa wale wanaume akavuta kikombe chake karibu, akasema, "Dada, hiki usikichomoe tafadhali." Wakacheka tena. Niliweka sinia, sikumwaga hata tone. Ng'ambo, pazia lilicheza.

Walipoondoka nilimfuata dada jikoni.

"Wewe unajua. Wewe ndiye uliyeniambia nichomoe, na jana umeona kwa macho yako."

"Mdogo wangu, kazi imepatikana. Unataka nianze vita na mume wangu kwa ajili ya cherehani?"

"Kwa ajili yangu."

Akafungua bomba, maji yakapiga kelele kuliko yeye.

Leo ni Ijumaa. Saa tano na nusu nilikwenda sebuleni. Shemeji alikuwa mezani, simu ya uongo iko wazi, ukurasa wa kijani unang'aa. Sikumkaribia nyuma kama mwizi. Nilizunguka nikasimama mbele yake, kando ya skrini, nikatoa simu yangu ndogo ya vitufe na kuipigia karakana. Nikaweka sauti ya juu.

"Haloo," mama wa karakana akaitikia. Nyuma yake mashine zilikuwa zinakimbia.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Mwenye kompyuta yuko hapa."

"Haya, mpe. Nina wateja."

Nikainyosha simu juu ya kibodi, karibu na mdomo wake. Shemeji alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona hata siku zile programu inaanguka. Nje, Mama Pazia alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo na shuka mkononi, haianiki.

"Shemeji," nikasema, "sikuombi useme ya saa. Hayo ni yako, yafiche. Sema tu kwamba si mimi. Maneno mawili: si yeye."

"Haloo?" karakana ikaita. "Haloo, kuna mtu?"

Shemeji akashusha macho, akaweka mkono kwenye kipanya, akabonyeza. Kijani kikafunguka.

"Shemeji, tafadhali. Si yeye. Sema."