Fundi wa Harufu

Gesi inapotoka ardhini haina harufu hata kidogo. Anayeinukisha ni mimi. Shirika la mafuta na gesi la serikali limeniweka miaka kumi na tisa kwenye kituo kilicho mbali na watu, kazi yangu kuitia dawa inayonuka kama mayai viza, ili ikivuja jikoni kwa mtu, akimbie. Wenzangu huniita Marashi. Huniita kwa mbali, wajinga wale.

Pua yangu ilishazoea, haiisikii tena dawa hiyo. Wengine wanaisikia. Mke wangu alivumilia mpaka akachoka, akamchukua binti yetu wakahamia mjini. Simlaumu, ingawa siku nyingine namlaumu sana.

Juzi pampu ilinitemea dawa kifuani, na leo binti yangu anaolewa. Nilioga kwa sabuni, kwa ndimu, kwa siki. Nikavaa suti mpya, nikaketi safu ya mwisho ukumbini. Nilitaka kitu kimoja tu, nimwone mwanangu akifunga ndoa.

Ndoa haijafungwa bado, shangazi yake akasimama. "Jamani, gesi inavuja."

Watu walimwagika nje, bibi harusi pamoja nao. Nami nikatoka, nikajibanza ukutani, nikanyamaza. Nilitumaini wangepima, wasione kitu, turudi ndani. Lakini fundi wa dharura wa Shirika alipofika, kipimo chake kikasoma sifuri naye bado anasikia harufu, nilijua kinachofuata. Kanuni ni moja kwetu sote: chanzo kisipojulikana, jengo linafungwa mpaka kesho. Harusi ingeharibika.

"Usifunge," nikamwambia. "Chanzo ni mimi. Nafanya kazi kituo cha dawa."

Akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. "Pole, mzee wangu. Lakini ukiingia tena watanipigia tena, na hapo itabidi nifunge."

Wageni wote walikuwa wakinitazama. Mmoja akacheka. Mkono uliniwasha kumzaba kofi, nikajikaza.

Binti yangu akaja, ameinua gauni lake lisiguse vumbi. Yeye hakusimama mbali. Akanikumbatia.

"Gauni litanuka, mwanangu."

"Na linuke. Baba, nilipoingia tu niliisikia hiyo harufu, nikajua umefika. Nilifurahi mno."

"Mbona hukuwaambia ni mimi?"

"Wangekutoa."

Miaka yote hiyo nilidhani hakuna mtu duniani anayefurahi kunisikia ninapoingia. Nikamwambia aende, wakwe wanangoja. Akaenda akigeuka geuka.

Mlango ulipofungwa nilizunguka upande wa madirisha ili nisikie. Niliambulia sauti yake, maneno mawili matatu, akikubali. Kisha mtu mmoja huko ndani, bila ubaya wowote, akayafunga madirisha.