Miaka Aliyopewa Kyungu

Mama Jeannette aliacha ndakala zake, dagaa wa kuuza, juani bila mtu wa kufukuza ndege, akafunga bukari, ugali wa muhogo, na bakuli la mchuzi kwenye kitambaa, akamshika bintiye Kabange mkono kama anayeogopa kumpoteza sokoni. Msichana alivaa sare, shati jeupe na sketi ya bluu. Mama ndiye aliyeamua: leo huendi shule, lakini sare uivae.

Kwenye biro ya polisi mlinzi alifungua kitambaa, akamega tonge, akachovya, akawapisha. Chakula cha mahabusu hupungua hivyo kila mlango, wala hakuna anayeona aibu.

Chérubin Kyungu, pacha wa Kabange, alikuwa amefungiwa humo pamoja na wanaume wazima. Aliiba betri ya taa za kuvulia kwenye mtumbwi wa watu. Kuiba aliiba, na mama yake hakukataa. Alichotaka ni mwanawe ahukumiwe na tribunali ya watoto, kwa kuwa ana miaka kumi na mitano. Na alitaka leo, kabla gari halijaja kuwachukua wote kwenda gereza kuu.

Papa Josias, mpelelezi aliyeshika dosye, jalada la kesi, hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa linachosha. Aliweka kadi ya mpiga kura ya Kyungu mezani, akamwita mama kwa jina la heshima la aliyezaa mapacha.

"Mama Mapasa, karte inasema myaka kumi na tisa. Ni Serikali njo inasema, haiko miye."

"Ni miye nilidanganya, Papa. Kapita, mukubwa wa mutumbwi, alikatala kubeba watoto ku kazi ya kuvua. Na kwa bariere ya barabara maaskari walikuwa wanamusumbua juu ya kitambulisho." Akamsogeza Kabange mbele. "Angalia huyu. Tumbo moja, siku moja. Huyu iko na myaka kumi na tisa?"

Josias alitazama soksi za msichana, miguu myembamba. Yeye mwenyewe alizaliwa Kalemie, ambako pacha wa kwanza huitwa Kyungu na wa pili Kabange; asingeweza kusikia jina la Kyungu bila kuuliza Kabange yuko wapi.

"Macho yangu inaona, Mama. Lakini macho haiingie mu dosye. Nikiandika ulidanganya, nitakufunga na weye."

"Unifunge."

"Fasi ya wamama haiko humu." Akafunga dosye. "Utafute avoka wa kumutetea."

Nje, mama aliketi kando ya ukuta. Tangu wazaliwe hakuwahi kumpa mmoja akamnyima mwenzake: nguo za kitambaa kimoja, samaki wa ukubwa mmoja, hata viboko walichapwa pamoja. Mapacha hutendewa sawa, la sivyo aliyenyimwa hukasirika na ugonjwa huingia nyumbani. Mara moja tu alikosea. Mbele ya karani wa uandikishaji alimwongezea Kyungu miaka minne, Kabange akamwachia yake.

Gari lilikuja. Wanaume walitolewa wawili wawili, wamefungwa mikono, Kyungu pamoja na baba mmoja mwenye ndevu za mvi, wakapandishwa garini. Mama alimwekea Kyungu bukari mapajani.

Kabange ndiye aliyepanda. Alikanyaga tairi, akaingia, akaketi ubavuni mwa kaka yake.

"We! Shuka!" polisi alipiga kelele.

"Sishuke. Muniandike na miye kumi na tisa. Kitu munapatia Kyungu, munipatie na miye."

Mahabusu walicheka, kisha wakaacha. Wanawake waliosubiri na vyakula vyao wakasogea. "Anasema kweli!" mmoja akapaza sauti. Polisi akamwita mkubwa wake.

Josias alitoka mwenyewe.

"Shuka, mwanangu. Gereza haiko fasi ya watoto."

Alisema kwa nguvu kuliko alivyotaka. Uwanja mzima ulimsikia. Kyungu aliinua kichwa akamtazama, na yule baba mwenye ndevu naye akamtazama, wakisubiri amalizie, amwite na pacha ashuke.

Hakumalizia. Alimshika Kabange kiunoni, akamshusha taratibu, akahakikisha miguu yake imefika chini. Kisha akapiga bati la gari kwa kiganja, dereva aondoke.